Kangaga Iliyoona Kiu Huku Ikimwagiwa Maji Kila Siku

Niliitwa kama shahidi, si kama tabibu. Mama mwenye mmea alikuwa ameshatoa hukumu kabla sijafika: kangaga yake imeuawa na hewa kavu, na alichotaka kwangu ni neno la kuthibitisha tu, ili atupe chungu na moyo utulie.

"Mwanangu, hakuna nisilolifanya," aliniambia mlangoni. "Maji naipa kila siku. Naipulizia asubuhi, naipulizia jioni. Na bado inakauka huku naiona."

Hilo neno "kila siku" ndilo lililonikwama. Mmea wa chunguni unaopewa maji kila siku, ukifa, aghalabu hufa kwa kuoza: majani yanageuka manjano, shina linalainika, udongo unatoa harufu. Huu ulikuwa umekauka kama mmea ambao haujaonja maji kwa mwezi mzima. Mambo hayo mawili hayakai chumba kimoja. Ama mama alikuwa anakosea kuhusu maji anayotoa, ama maji yenyewe yalikuwa yanakwenda pasipotakiwa.

Mgonjwa

Kangaga yenyewe ni Adiantum raddianum, ya misitu ya kitropiki ya Amerika ya Kusini. Jina la pili linamkumbuka Giuseppe Raddi, Mwitaliano aliyekwenda Brazili mwaka 1817 kukusanya mimea. Vikonyo vyake ni vyeusi, vinang'aa, vyembamba kama unywele mnene. Vijani vyake vina umbo la upepeo wa kupepea moto, na ni vyembamba kiasi kwamba ukiinua jani dirishani unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Porini jamii hii hupenda miamba inayochuruzika, kingo za vijito, kuta za mawe kando ya maporomoko: mahali ambapo maji yanapita muda wote lakini hayatuami.

Nilihesabu majani 31. Kati ya hayo 24 yalikuwa yamekwisha, rangi ya kahawia, yamejikunja na kukauka hivi kwamba ukiyagusa yanapukutika na kukuachia vikonyo vitupu mkononi. Saba yalikuwa mabichi. Si mabichi ya kuungaunga: mabichi kabisa, yamenyooka, moja likiwa na ncha changa inayoendelea kufunguka.

Hayo saba nilitakiwa niyatazame vizuri tangu mwanzo. Sikuyatazama. Macho huvutwa na kilichokufa.

Historia, kama nilivyoipata kwa maswali

Miezi 11 ya kwanza mmea ulistawi bila matatizo, kwenye rafu ileile, chumba kilekile, kiyoyozi kilekile. Kisha mama akasafiri siku 9. Aliyebaki nyumbani alikumbuka kumwagilia mara moja tu. Mama aliporudi alikuta majani yamelegea, akamimina maji ya kutosha, mengine yakainuka, mengine yakakauka. Alidhani basi, mambo yamekwisha. Wiki tatu baadaye ukaukaji ukawa unaendelea, jani moja leo, mawili kesho kutwa.

Ndipo tiba zikaanza kufuatana. Chupa ya kupulizia. Sahani ya changarawe yenye maji chini ya chungu. Mbolea ya maji, kipimo kamili kilichoandikwa kwenye chupa, akidhani mmea una njaa. Halafu akageuza jani, akaona pembeni mwa vijani mistari midogo ya kahawia iliyojipanga sawasawa, akasema "kumbe wadudu!" na kuunyunyizia maji ya sabuni.

Ile mistari haikuwa wadudu. Kangaga hii hukunja ukingo wa vijani vyake kama pindo la nguo, na ndani ya pindo hilo ndimo inamotunza spora zake, yaani chembe za uzazi zinazoshika nafasi ya mbegu. Dalili ni mpangilio: wadudu gamba hukaa ovyo, hasa kwenye vikonyo na mishipa, na ukikwangua kwa ukucha mdudu anabanduka mzima, spora hukaa kwa mstari, kila mara pembezoni, kila kijipindo na saizi yake. Sabuni iliunguza majani mawili matatu ambayo hayakuwa na kosa, maana majani ya jamii hii hayavumilii sabuni wala mafuta ya kuulia wadudu.

Na sahani ya changarawe? Hiyo ilikuwa ushauri wangu mimi, kwa simu, wiki mbili kabla. Niliambiwa "inakauka", nikajibu "ongeza unyevu", bila kuuliza swali hata moja. Hapo kosa ni langu na naliandika lilivyo.

Hewa kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyoshtakiwa

Nilikuwa na kipima unyevu. Mchana kilisoma nyuzijoto 29 na unyevu wa asilimia 58. Jioni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, nyuzijoto 24 na asilimia 41. Mama akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi: "Unaona? Asilimia 41!"

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu hii asilimia inawapotosha wengi. Inakuambia hewa imejaa mvuke kwa kiasi gani ikilinganishwa na uwezo wake, na uwezo huo hubadilika na joto. Hewa ya nyuzijoto 20 ikijaa kabisa, mgandamizo wa mvuke wake ni kama kilopaskali 2.3, ya nyuzijoto 30 ni kama 4.2. Kwa hiyo asilimia 60 kwenye nyuzijoto 20 inaacha pengo la 0.9, na asilimia ileile 60 kwenye nyuzijoto 30 inaacha pengo la 1.7. Jani halijui asilimia. Linalolihisi ni hilo pengo, maana ndilo linalovuta maji kutoka ndani yake.

Nikapiga hesabu ya chumba cha mama. Mchana "mzuri" wa asilimia 58: pengo la 1.7. Jioni "mbaya" ya asilimia 41: pengo la karibu 1.8. Yaani kiyoyozi alichokilaumu kilikuwa kinakausha hewa na papo hapo kuipoza, na mwisho wa yote kiu ya hewa ilibaki karibu palepale. Kwa kangaga ya aina hii pengo hilo si la raha hata kidogo. Ningependa liwe chini ya moja. Lakini mmea huu ulikuwa umeishi na kiu hiyohiyo kwa miezi 11 ukitoa majani mapya.

Kuhusu kupulizia, jina la mmea linatosha. Adiantum limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kisicholowa. Wagiriki waliona kwamba tone likidondokea majani yake linakuwa kijipira, linabingirika, linaanguka. Mama alikuwa akipulizia maji juu ya mmea ambao umeumbwa kuyaangusha. Kilichobaki hewani kilikuwa kinapotea ndani ya dakika chache, na vipindi hivyo viwili kwa siku haviwezi kulipia saa nyingine zote. Sahani yangu ya changarawe nayo ilikuwa imebadilisha usomaji wa kipima unyevu kwa asilimia mbili hivi, tena nikikiweka mdomoni mwa chungu. Nusu mita juu yake, hakuna kitu.

Yale majani saba

Nilikuwa nimeinama kusoma kipima unyevu nilipohisi upepo wa kiyoyozi ukinipiga shavuni, na mbele ya pua yangu nikaona rangi mbichi. Majani yote saba yaliyo hai yalikuwa upande mmoja wa chungu. Upande wa kiyoyozi.

Kama hewa ndiyo muuaji, ingeanza na hayo. Upepo huondoa ile hewa nyororo yenye unyevu inayolala juu ya ngozi ya jani, na jani linalopigwa na upepo hupoteza maji haraka kuliko lililojificha nyuma. Hapa waliojificha ndio waliokufa. Sikujua bado nani mhalifu, lakini nilijua aliyeko kizimbani hahusiki, au anahusika kidogo tu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa chunguni.

Nikaomba mizani ya jikoni. Chungu, cha plastiki, kipenyo sentimita 15, pamoja na mmea na kila kitu: gramu 610. Kilikuwa chepesi mno hata mkononi, lakini mkono hudanganya, mizani haidanganyi. Nikamwomba mama ainyweshe kama anavyofanya siku zote, mimi nikitazama. Akachukua mililita 300, akamimina taratibu, akizunguka ukingoni ili asilowanishe kitovu cha mmea. Uso wa udongo ukageuka mweusi. Kabla hajamaliza, maji yakaanza kutoka chini, na chini ya dakika moja sahani ilikuwa imejaa. Akaichukua akaimwaga, kwa sababu aliwahi kuambiwa mizizi ikikaa majini inaoza.

"Usimwage, mama. Tupime kwanza."

Mililita 255. Chungu sasa gramu 655. Katika kila vikombe sita alivyokuwa akimimina, vitano vilikuwa vikipita njia na kwenda zao.

Nikapindua chungu, nikakigongagonga, fundo la mizizi likatoka zima. Kwa nje lilikuwa limelowa na linang'aa. Nikachomeka kijiti kikavu sentimita mbili ndani, nikakichomoa: kikavu. Nikapasua kidogo kwa kidole gumba na vumbi likaruka. Vumbi kwelikweli, la rangi ya kahawia iliyofifia, kwenye chungu kilichomwagiwa maji dakika tano zilizopita. Kuzunguka fundo kulikuwa na mwanya wa milimita nne hivi kati ya udongo na ukuta wa chungu; huo ndio ulikuwa mfereji. Isipokuwa upande mmoja, ambako udongo ulikuwa bado umeshikamana na ukuta, mweusi, baridi, una unyevu hadi ndani. Mama hakuhitaji kuambiwa ni upande upi. Aliunyooshea kidole yeye mwenyewe.

Kwa nini udongo hukataa maji

Mchanganyiko wa chunguni mara nyingi si udongo. Ni piti, yaani mabaki ya mimea ya vinamasi, pamoja na vitu vya kuufanya uwe mwepesi. Ukiwa na unyevu hunywa maji kama sifongo. Ukikauka kupita kiasi mambo mawili hutokea kwa pamoja. Husinyaa, ukaachana na ukuta. Na vile viambato vyake vyenye asili ya nta hubaki vimefunika uso wa chembe zake kwa namna inayosukuma maji, hivi kwamba tone likiwekwa juu linakaa kama shanga. Ni tabia ileile ya majani ya mmea wenyewe, ila hapa ni balaa.

Zile siku 9 za safari ndizo zilizoufikisha udongo hapo. Baada ya hapo kila kumwagilia kulilowanisha ganda la nje na kuacha kiini kikiwa kikavu vilevile, na kuliimarisha imani ya mama kwamba tatizo haliwezi kuwa maji. Ukimgusa mgonjwa paji la uso lina maji, utasemaje ana kiu?

Sasa mmea mwingine ungevumilia. Kangaga hii haivumilii, na sababu zake zinastahili kutajwa kwa sababu ndizo zinazoeleza utunzaji wake wote. Majani ni membamba na ngozi yake ya nje ni nyepesi. Mizizi ni mifupi na inakaa juujuu. Shina lake linalotambaa karibu na uso wa udongo ni jembamba, halina akiba ya maji. Na vile vitundu vya kupumulia, stomata, mimea mingi ya maua huvifunga mapema kwa ishara ya homoni. Kangaga hutegemea zaidi jani lenyewe lianze kupungukiwa maji ndipo vitundu vifunge. Kwa jani jembamba namna hii, kati ya kuanza kupungukiwa na kufa kuna saa chache. Likishajikunja na kukauka halirudi. Ipo kangaga ya mabara ya Amerika, Pleopeltis polypodioides, inayoweza kukauka ikajikunja kama ngumi na ikafunguka tena mvua ikinyesha. Watu husikia habari zake na kuanza kumwagilia majani yaliyokufa ya Adiantum wakingoja muujiza. Hautokei.

Washukiwa wengine niliwaachia haraka. Sabuni iliua majani mawili matatu. Mbolea ya kipimo kamili, ikimiminwa kwenye ganda jembamba lenye unyevu, ilijilimbikiza. Utando mweupe wa chumvi ulionekana mdomoni mwa chungu na ncha za baadhi ya vijani zilikuwa zimeungua. Mwanga ulitosha: dirisha mita mbili, jua halipigi moja kwa moja.

Na mizizi? Ilikuwa myeusi, na mama alishtuka kweli akidhani imeoza. Mizizi ya kangaga hii huwa na rangi hiyo, kahawia iliyokolea hadi nyeusi, ikiwa na afya njema. Kipimo ni kuifinya: inayooza huteleza na kubanduka ganda, iliyo hai ni ngumu kama uzi wa katani. Nyingi ilikuwa ngumu.

Tiba

Beseni, maji vuguvugu hadi karibu na mdomo wa chungu, fundo la mizizi likarudishwa chunguni na kuzamishwa. Likaelea! Ilibidi niweke jiwe bapa pembeni mwa shina ili lizame. Mapovu yakaanza kupanda, kwanza kwa fujo, kisha moja moja. Maji vuguvugu hupenya udongo uliogoma vizuri kuliko ya baridi. Tuliacha dakika 45 mpaka mapovu yakakoma, tukatoa, tukaacha yachuruzike nusu saa. Mizani: gramu 1,420.

Tofauti na chungu "kilichonyweshwa" saa moja kabla ni gramu 765. Mama alirudia namba hiyo mara mbili, kimya kimya.

Kisha tukasuuza chumvi kwa kupitisha maji mengi yapite chini, sasa kwa kuwa udongo ulikuwa tayari kuyapokea. Mwanya wa pembeni nikaujaza mchanganyiko wa usumba wa nazi na piti kidogo, nikiushindilia kwa kijiti. Nilipenda usumba kwa sababu hata ukikauka hukubali maji tena bila kugoma sana. Sikubadilisha chungu. Mmea uliopoteza robo tatu ya majani hauhitaji nyumba kubwa; udongo usiokuwa na mizizi hubaki umejaa maji ambayo hakuna wa kuyanywa.

Majani 24 yaliyokufa nikayakata kwa mkasi safi, sentimita mbili juu ya udongo, nikiangalia nisiguse vichipukizi. Vichipukizi vya kangaga hutoka vimejikunja kama mkia wa kinyonga, na vya hii ni vidogo, vina manyoya mepesi, ni rahisi kuvikata bila kujua. Nilivikuta vitatu. Nikakwaruza shina kidogo kwa ukucha: chini ya ganda la kahawia palikuwa na rangi nyeupe yenye ukijanijani. Shina lilikuwa hai.

Juu ya kila kitu tukavika mfuko mkubwa unaopitisha mwanga, ukiwa umeegemezwa kwenye vijiti vitatu usiguse majani.

Ninajua hapa nimerudi kwenye hewa baada ya kuitetea. Hewa haikuwa muuaji, lakini mmea uliobakiwa na mizizi michache inayofanya kazi hauwezi kulipa deni la pengo la 1.7. Ndani ya mfuko kipima unyevu kilisoma asilimia 85 kwa nyuzijoto 25, pengo chini ya 0.5. Tuliupunguzia mzigo wakati ukijijenga.

Kosa la pili

Niliagiza chungu kizamishwe kila siku ya tatu. Nilitoa agizo hilo kwa hamasa ya mtu aliyegundua jambo, na lilikuwa agizo baya.

Siku ya 11 mama akapiga simu: vijinzi vidogo vyeusi vinaruka ndani ya mfuko, na kuna harufu. Nilifika nikapima: gramu 1,395, siku mbili baada ya kuzamishwa. Ulikuwa umepoteza gramu 25 tu. Bila shaka! Majani saba, ndani ya mfuko wenye hewa tele ya mvuke, yangekunywa nini? Nilikuwa nimeunywesha mmea wa majani 31 ambao haukuwepo tena. Ncha moja ya shina, upande uliokufa majani yote, ilikuwa imelainika na kuwa nyeusi ya kuteleza. Nikaikata mpaka penye nyama ngumu, kama sentimita tatu zikaenda, pamoja na kimoja cha vile vichipukizi vitatu.

Tukaacha siku za kalenda, tukashika mizani. Agizo jipya lilikuwa fupi: usimwagilie mpaka ufike gramu 1,050, ukifika, zamisha, churuzisha, rudisha. Mara ya kwanza ilichukua siku 16. Baadaye, majani yalipoongezeka na mfuko ulipoondolewa, ikawa siku 5, kisha 4. Mama alibandika karatasi kwenye mlango wa kabati na kuandika uzito kila asubuhi. Baada ya mwezi aliacha kutumia mizani. Alikuwa akiinua chungu kwa mkono mmoja na kutaja uzito, na kila nilipopima alikuwa amekosea kwa gramu 30 au 40 hivi.

Siku ya 19 mikia miwili ya kinyonga ilianza kufunguka. Hapo mama aliimba.

Sanduku la kioo

Majani yanayozaliwa ndani ya mfuko ni laini kupita kawaida; ukiyatoa ghafla yananyauka kwa siku moja. Tulifungua mfuko saa moja kwa siku, kisha mbili, kisha nusu siku, mpaka wiki mbili zikaisha. Hata hivyo mama alikuwa ameshaupenda ule ukungu wa ndani, na akauliza kama hakuna njia ya kuuacha mmea humo daima.

Ipo, na imeanza na kangaga. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alifukia pupa ya nondo, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuota mabawa, kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa ya kioo na kuifunga, akitaka kuona nondo akitoka. Kabla ya nondo, ikachipua kangaga na nyasi. Ward alikuwa amejaribu miaka mingi kukuza kangaga bustanini kwake na moshi wa makaa ya jiji ulikuwa ukiziua zote. Ndani ya chupa iliishi, maji yakipanda mchana kama mvuke na kushuka usiku kwenye kioo. Mwaka 1833 alituma masanduku ya kioo ya namna hiyo hadi Australia, mimea ikiwa ndani juu ya sitaha ya meli, ikafika hai. Mbinu hiyo ndiyo iliyosafirisha mimea kuvuka bahari kwa miongo mingi iliyofuata.

Mama alipata sanduku la kioo lililowahi kuwa la samaki, akaliwekea kifuniko kisichofunga kabisa. Changarawe ikawekwa chini yake, safari hii ikiwa na kazi halisi, maana ndani ya kioo mvuke hauna pa kukimbilia. Chungu kiliketi juu yake bila kugusa maji. Dirisha lilibaki kwa mbali. Jua likipiga kioo moja kwa moja, humo ndani panakuwa jiko.

Wiki ya 10 majani yalikuwa 23. Mbolea ilirudi wiki ya 9, robo ya kipimo, mara moja kwa mwezi, na kila mara juu ya udongo ambao tayari una unyevu. Chupa ya kupulizia sasa inasafishia kioo.

Simu ya mwisho niliyopokea kuhusu kisa hiki ilikuja mwezi wa tano. Juu ya udongo, mama alisema, kumeota utando wa kijani, vipande vidogo vyenye umbo la moyo, vimelala chali, havizidi nusu sentimita, na alikuwa ameshika kijiti tayari kuvikwangua.

Nilimwomba akiweke chini. Vile ni kizazi cha kati cha kangaga yenyewe: spora zilianguka, zikaota, na kila moyo mdogo sasa unatengeneza mbegu za kiume na yai. Mbegu hiyo ya kiume ina mikia, huogelea, na haiwezi kulifikia yai bila tabaka jembamba la maji. Nilimwambia apulizie hapo, kidogo, asubuhi na jioni.

"Kwa hiyo ile chupa yangu ilikuwa na kazi," akasema.

"Ilikuwa nayo, mama. Ila si kwenye majani."